Ruhusa ya Kupanda Mnazi

Kisauni, 3 Machi 1945

Kwa kaka yangu Barakat bin Awadh, Tanga.

Nakushika miguu, kaka, nami nakuamkia wewe na wifi Kafedha na watoto, nikitaraji mu wazima kama tulivyo sisi huku. Maulidi tumeyasoma. Safari hii tulisomea uani kwangu, watu wakajaa mpaka kisimani. Mwanangu Mwanatabu amejifungua mtoto wa kiume, na mumewe amempa jina la baba, Awadh. Masikio pia ni ya baba, maskini. Nguo hazipatikani mjini kwa ajili ya vita, basi tumemfunga vipande vya leso zangu kuukuu.

Sasa nina jambo. Shamba letu la Ziwa la Ng'ombe linakufa, nami ndiye nilionaye, maana tangu nifiwe na mume wangu ndiye nikaaye hapa. Minazi mikubwa imezeeka. Inayoanguka huozea pale pale, na ndani ya magogo huzaliana chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, kisha hupanda akaitoboa ile iliyosimama. Dawa ni kuyachoma magogo. Nimewaambia watu wetu wa shamba wayachome, wakaniitikia vizuri sana, na hakuna aliyechoma hata moja. Hulima mhogo, kunde na mahindi kidogo, hulipa ijara ya mwaka, na magogo huyaruka.

Juzi Thoya wa Mwarandu alinijia pamoja na mkewe Jumwa. Alikataa kiti, akasimama mlangoni.

"Bibi," akasema, "turuhusu tupande minazi. Nusu yetu, nusu yenu. Ukituruhusu, hayo magogo nitayachoma yote, maana chonga atakuwa anakula changu."

Baba alikataza mtu wa shamba kupanda kitu kinachoishi zaidi ya mwaka mmoja. Mimi naona kukataza huko ndiko kunakotuua. Lakini mafungu mawili ya shamba ni yako na moja tu ni langu, na sitaki kufanya jambo bila wewe. Masika yaja. Nakuomba unijibu kabla ya mvua.

Ni mimi nduguyo mdogo,
Kuluthum

*

Tanga, 28 Mei 1945

Kwa ndugu yangu Kuluthum binti Awadh, Mola akuhifadhi.

Salamu zako zimefika na sisi tu wazima, ila wifi yako miguu inamvimba. Tumefurahi kwa mjukuu. Jina la baba limrithishe na busara ya baba. Huku watu walicheza ngoma vita vilipokwisha Ulaya, ingawa bei ya mchele haijasikia kwamba vita vimekwisha.

Nimekawia kujibu kwa sababu ya shughuli za duka.

Kuhusu minazi, jawabu ni hapana. Mwanamke aliye peke yake huonewa huruma na watu, na huruma hiyo wakaja wakaitumia. Mhogo ukishang'olewa, ardhi hubaki yako. Mnazi hauondoki. Mtu akiwa na mnazi kwenye ardhi yako, yeye na wanawe na wajukuu wake watakuja kusimama kotini waseme, "sisi tuna shina hapa." Jirani yetu wa Shanzu yalimkuta hayo, nawe wajua. Minazi aliyoipanda babu yatosha kwa umri wetu.

Ikiwa watu wale wana nguvu za kupanda, na wapande pamba. Bwana shamba wa huku aisifu sana, na huko kwenu pia nasikia mbegu hutolewa bure. Waambie ni amri yangu. Asiyetaka na ahame.

Msalimie Mwanatabu.

Kakako,
Barakat

*

Kisauni, 16 Juni 1945

Kaka Barakat, shikamoo.

Wifi nampa pole. Akande miguu kwa maji ya chumvi ya moto, asikae sana jikoni. Mtoto yuwacheka sasa.

Barua yako imenifikia mvua imekwisha lowesha kila kitu. Nilikuomba jibu kabla ya masika, ukangoja mpaka masika yakafika kati. Mvua haingoji duka.

Amri yako ya pamba niliipeleka. Niliwaita watu wote wa shamba nikawasomea. Hakuna aliyebishana. Mzee mmoja aliuliza kama wewe hula pamba huko Tanga. Thoya ndiye aliyebaki wenzake walipoondoka. Nikamuuliza anieleze bila kunificha, kwa nini hawataki.

"Pamba nikiuza, bei hunipangia mtu nisiyemjua," akasema. "Mhogo nikikosa mnunuzi, naula. Mwaka wa njaa, ule wa posho ya serikali, waliopanda pamba walikuja kuomba mhogo kwangu. Nikawapa. Sasa wataka nami niwe mwombaji?"

"Na kwa nini huweki samadi? Mhogo wako mwembamba."

"Samadi hukaa ardhini miaka mitatu. Mimi sijui kama nitakaa mwaka. Bibi, wewe ungeweka samadi katika nyumba ya kupanga?"

Kwa miaka yote nalikuwa nawaita wavivu. Wewe pia huwaita hivyo, na baba aliwaita hivyo. Kumbe mtu aliyeambiwa kila mwaka kwamba huenda akafukuzwa, hulima kama mtu atakayefukuzwa. Sisi ndio tuliowafundisha kulima vile, kisha tukawatukana kwa kulima vile.

Na nguruwe wa mwitu wameshuka tena. Ua hakuna, maana ua pia ni wa miti, na miti tumekataza.

Kuna jambo jingine. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja mwenye suruali ya kaki, na wenzake wawili wakikokota mnyororo wa kupimia. Walipima kutoka kwenye mwamba mpaka njia ya magari. Walivunja vipande vya mawe wakavitia gunani. Nilipomuuliza ametumwa na nani, akasema, "Na mwenye shamba." Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Ni nani huyu, kaka?

Kuluthum

*

Tanga, 2 Oktoba 1945

Kwa Kuluthum binti Awadh.

Idd ilipita vyema, Alhamdulillahi. Mwanangu Salim nimemposea mke wa hapa hapa, watu wa heshima. Harusi ni mwakani inshallah, nanyi mtaalikwa.

Maneno yako ya mwezi wa sita sikuyapenda. Hujapata kuniandikia hivyo. Nimeyaweka upande kwa kuwa ni mwezi mtukufu uliokuja baadaye, na mtu husamehe.

Lakini nimesikia jambo. Mtu wa Kisauni aliyepita hapa na mashua ya chokaa amesema shambani mwetu kuna minazi michanga, imepandwa kwa mistari, upande wa ziwani. Akasema magogo yamechomwa na moshi ulionekana mpaka Kongowea. Nakuuliza wewe, na nataka jawabu la ndiyo au la: ni kweli?

Ikiwa ni kweli, ing'olewe. Sina hasira na Thoya. Nina hasira na aliyempa moyo. Ardhi ni kitu kimoja tulichobakia nacho sisi watu wa Mombasa. Mjini tumeuza nyumba moja baada ya moja, na walionunua hawatuamkii. Wewe wataka na shamba nalo tuligawe kwa watu wa bara kipande kipande, mnazi mmoja mmoja, bila hata kuuza. Mimi nalikuwako korti ilipomwambia jirani yetu alipe fidia ya kila mti au awaache waliopanda wakae. Mzee yule alitoka pale hawezi kuvaa viatu vyake. Sitafikishwa pale.

Kakako,
Barakat

*

Kisauni, 19 Oktoba 1945

Kaka Barakat.

Shikamoo. Salim nampongeza. Harusi nitakuja nikijaliwa.

Wasema waniuliza na wataka ndiyo au la. Mimi nimekuuliza kwanza. Ni nani yule mwenye mnyororo? Amekuja tena mara mbili. Ukinijibu nitakujibu.

Ila kuna jambo moja sitaliacha lipite, nalo ni hii "minazi aliyoipanda babu." Wewe ulikuwa chuoni Lamu miaka ile. Mimi nalikuwako nyumbani, mtoto wa kuchota maji, na naliona. Babu hakupanda hata mmoja upande ule. Minazi ile ilipandwa na Mwarandu, babake Thoya. Baba alimpa ruhusa ya mdomo, nusu kwa nusu. Mwarandu alipanda, akapalilia, akabeba maji kutoka ziwani kiangazi kizima, mkewe akiwa mjamzito. Minazi ilipoanza kuzaa, msimamizi wa baba alimjia akamwambia ahame. Mwarandu alikuja kwetu kuuliza. Baba alimwambia hakujua, ni msimamizi tu, atalitazama. Hakulitazama. Mwarandu alihamia Mwakirunge akafia huko, nasi tukala nazi zake. Baada ya hapo ndipo baba alipokataza watu wa shamba wasipande mti. Wewe umelipokea neno hilo kama wasia, kumbe lilikuwa aibu.

Baba alipokuwa hawezi, siku zile za mwisho, ulikuwa Tanga. Nilikuwa namlisha uji. Aliniambia, "Kulu, Mwarandu nilimwonea." Kisha akageukia ukutani. Sikukuandikia wakati ule kwa kuwa sikutaka umwone vibaya. Thoya alipokuja miaka ya baadaye kuomba mahali pa kulima, mimi ndiye niliyempa, wewe ukanisifu kwa kupata mtu mwenye nguvu.

Ukisema waogopa korti, naamini. Lakini kuna njia nyingine ya kuikimbia korti, nayo ni kuandikiana na mtu mbele ya mashahidi, nusu yako na nusu yake, na kutimiza. Mtu aliyetimiziwa akuitie korti kwa lipi?

Nangoja jina la yule bwana.

Kuluthum

*

Tanga, 8 Januari 1946

Kuluthum.

Sisi wazima.

Marehemu hasemwi. Ulilolisema juu ya baba sitalijibu, na nakukataza kulisema mbele ya watoto.

Shamba nimelipatia mnunuzi. Ni mtu wa mawe, ataka mwamba ule kwa ajili ya majengo ya Port Reitz na bandarini. Amelitaka likiwa tupu, bila mtu wala mti wa mtu. Fungu lako utalipata kamili, sitakudhulumu. Sikukwambia mapema kwa kuwa nilijua utalia.

Nimeagiza watu waje kusafisha. Usiwazuie.

Barakat

*

Kisauni, 20 Februari 1946

Kwa Barakat bin Awadh.

Hatukusoma Maulidi mwaka huu kwangu. Mtoto wa Mwanatabu ameanza kusimama. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nakuandikia yaliyotokea, uyajue kutoka kwangu, si kwa mtu wa mashua.

Watu wako walikuja asubuhi, watatu, na mapanga. Thoya hakuwako. Alikuwa amekwenda matangani Kaloleni. Jumwa alikuwa shambani peke yake. Alinitumia mtoto wa jirani, nikaenda na kanga ya kupikia. Nilipofika walikuwa wamekwisha maliza mstari wa kwanza. Ndiyo, kaka, kulikuwa na mistari. Sasa nakujibu. Nazi za mbegu nilizilaza uani kwangu tangu kabla sijakuandikia barua ya kwanza, na masika yalipoingia bila jibu lako, niliwapa wapande. Nilifanya kwa macho yangu mawili.

Walikuwa wanaing'oa, halafu wanakata kichipukizi ili isipandwe tena. Jumwa alikuwa amekaa chini kati ya mche na mche, na wao wanampita pembeni, wanang'oa ule wa kushoto kwake na ule wa kulia. Hakulia. Alikuwa akiwaambia majina ya wanawe, mmoja mmoja, na mche wa kila mmoja.

Nikamwambia mkubwa wao aache. Akasema wametumwa na mwenye shamba.

"Na mimi ni nani?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa adabu, wala hakuwa mtu mbaya. "Wewe, bibi, ni nduguye."

Wakaendelea mpaka adhuhuri.

Nimeishi katika ardhi hii tangu nizaliwe. Nimezika mume hapa. Nimezuia nguruwe kwa debe na mwenge, nimepokea ijara nikakutumia fungu lako kila mwaka bila kupunguza hata nazi moja, na mtu asiyenijua anaweza kusimama juu yake akaniambia mimi ni nduguye. Ulinifanyia hivyo wewe, kaka. Ulimpa yeye maneno hayo.

Thoya alirudi jioni. Mkewe alikuwa amekwisha mweleza. Alizunguka ile mistari yote, mashimo yakiwa wazi, kisha akaja kwangu.

"Bibi, ulijua?"

"Sikujua siku. Nilijua watakuja. Nilidhani nitawazuia."

"Babangu pia aliambiwa hakuna aliyejua," akasema. Akaondoka. Amekwenda Kilindini, yuwabeba magunia bandarini. Jumwa amebaki anang'oa mhogo kabla haujakomaa, ili usije ukachukuliwa. Watu wengine wa shamba wamefanya vivyo hivyo. Mhogo mchanga umejaa soko la Kongowea, haununuliki. Mwezi wa sita hapatakuwa na chakula huku, na wewe utasikia huko wakisema watu wa Kisauni ni wavivu.

Mimi nimekwenda kwa kadhi. Nimedai fungu langu likatwe. Sitaki fedha, nataka ardhi, upande wa ziwani. Sitaiuza kwa mtu wa mawe wala kwa mwingine. Usiandike kunibembeleza.

Kuluthum binti Awadh

*

Tanga, 11 Aprili 1946

Ndugu yangu Kuluthum.

Miguu ya wifi yako imezidi, haendi tena kisimani. Amekuulizia mara nyingi, naye amenikasirikia kwa ajili yako, hana haja ya kunificha.

Kadhi ameniandikia. Mnunuzi asema fungu lako likikatwa upande wa ziwani atakosa njia ya maji, na atapunguza alichotaka kutoa. Ningeweza kukupinga. Nimekaa siku nyingi na karatasi ya kukupinga mbele yangu na sikuitia saini. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Habari ya Mwarandu nimeifikiri. Nilimkumbuka. Alikuwa akinibeba mabegani kutoka ziwani nikiwa mdogo, kabla ya kupelekwa chuoni. Nilikuwa nimesahau kuwa ni yeye, nilidhani ni mtumishi mwingine. Sikujua aliyoyafanya baba. Ungeniambia.

Lakini fungu langu nitaliuza. Nimekwisha toa neno langu.

Harusi ya Salim ni baada ya Idd. Nataka uje. Na kabla ya hapo nataka nije mimi, nifuturu nawe Ramadhani hata siku moja kama zamani. Hasira zako zimepungua?

Barakat

*

Kisauni, 24 Juni 1946

Kaka Barakat, shikamoo.

Wifi mwambie nimemtumia mafuta ya nazi ya kukanda miguu, yatakuja na binamu wa Mwanatabu. Mtoto yuwatembea. Anaangukia kila kitu.

Fungu langu limekatwa. Kadhi alikuja mwenyewe kusimamia, na vigingi vimetiwa. Ni dogo. Nilikuwa najua ni fungu moja, lakini kuliona kwa macho ni jambo jingine: nasimama mwanzo nikaona mwisho. Ng'ambo ya kigingi mtu wa mawe amekwisha anza kupasua mwamba. Nyumba hutikisika, vyombo hucheza kabatini. Watu wa shamba waliokuwa kwako wametawanyika. Wengine wamekwenda Mwakirunge, wengine hata kwaheri sikuwaaga.

Jumwa nilimwambia akae kwangu. Nikamwita mwandishi wa kadhi, tukaandika: atakayepanda mnazi katika ardhi yangu, nusu ni yake na ya wanawe, hata nikifa mimi, hata akifa yeye. Mashahidi wanne. Nikamtumia habari Thoya bandarini. Akarudisha jawabu kwamba amesikia, na kwamba yeye hatapanda tena mnazi maisha yake. Mhogo atalima, apatapo nafasi.

Sikumlaumu, wala sikumtumia mtu tena.

Jumwa alikuja mwenyewe mwezi wa tano, akachukua miche sita uani kwangu bila kusema na mimi, akaipanda. Mvua ilikuwa inanyesha. Jumapili iliyofuata Thoya alitoka bandarini, akaja kumtazama mkewe. Nilikuwa nimekaa ukumbini nawaona. Aliizunguka ile miche. Kwenye mmoja akainama, akatia mkono kwenye tope, akamwita mkewe.

"Shimo hili dogo," akasema. "Mnazi utalala."

Akamnyang'anya jembe. Alichimba mpaka ikawa giza, yote sita, akaipanda upya, kisha akaenda zake bandarini bila kuja kuniamkia. Yeye na mimi hatujasemezana mpaka leo. Lakini Jumapili zote mbili zilizopita amekuja, na magogo ya upande wangu hayapo tena, ameyachoma.

Uliniuliza kama hasira zangu zimepungua. Hazikupungua. Naamka nazo na nalala nazo, na mwamba ukipasuliwa ndipo zinapopanda kabisa. Kwamba hukuitia saini ile karatasi nimelisikia, na nimeliweka. Kwamba ungeuza bila kunijulisha, nalo nimeliweka.

Ramadhani hii usije. Harusini nitamtuma Mwanatabu na mumewe. Mimi nitakapoweza kula nawe chakula kikashuka, nitakuandikia.

Nduguyo,
Kuluthum